Tundu Lililofichwa na Ramani: Nilivyotafuta Hitilafu ya Injini Yangu ya Turbo

Gari langu lilianza kumisi, yaani silinda kukosa mlipuko wake kwa kitambo, kwenye gia ya tatu, kati ya mizunguko 4,500 na 5,000 kwa dakika, pale hasa ambapo turbo huwa imekwisha kujaza na dereva anahisi mgongo ukigandamizwa kwenye kiti. Hakukuwa na kishindo. Lilikuwa kama msemaji anayesita katikati ya sentensi, akameza mate, kisha akaendelea. Nilipoachia pedali ya mafuta, wingu jepesi la moshi mweusi lilionekana kwenye kioo cha nyuma. Na gari liliposimama huku injini ikiendelea kunguruma, mshale wa mizunguko ulipanda na kushuka kati ya 700 na 1,000 bila mguu wangu kugusa chochote. Dalili zilikuwa tatu, na karibu kila niliyemweleza alikuwa na jibu kabla sijaifikia ya tatu.

Injini yenyewe ni EJ20 ya Subaru, yenye silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na ujazo wa sentimita 1,994 za ujazo. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na turbo ndogo na kipoza hewa, yaani intakula, kilicholala juu ya injini. Mimi niliweka turbo kubwa zaidi, nikahamishia intakula mbele ya rejeta, nikabadilisha injekta nne zinazonyunyiza mafuta, nikafunga ekzosi pana, kisha nikampelekea gari fundi wa programu aliyeandika ramani mpya ya mafuta na ya moto wa plagi, yaani majedwali ambayo kompyuta ya injini huyafuata. Busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na turbo, ilipangwa kuwa bar 1.2. Kwa miezi minane gari lilikwenda vizuri kiasi cha kunifanya niamini kwamba kazi ile ilikuwa imekamilika.

Ugumu wa gari lililobadilishwa ni kwamba kitabu chake cha kiwandani kimekwisha kuwa kitabu cha gari jingine. Kitabu kinasema injekta zifunguke kwa muda fulani, nami injekta hizo sinazo. Kinasema hewa ipimwe kwa kiasi fulani injini inapotulia, nami bomba lenye kipima hewa nililibadilisha. Katika gari la kawaida fundi anatafuta kilichotoka kwenye hali yake ya asili. Katika gari kama langu, karibu kila kitu kimetoka kwenye hali yake ya asili kwa makusudi, na kazi ni kutofautisha upotovu uliokusudiwa na ule uliojiingiza. Ningekuwa nimeandika vipimo vyangu siku gari lilipotoka kwa fundi wa programu, ningekuwa na kitabu changu mwenyewe. Sikuandika hata namba moja.

Kwa hiyo nilifanya kile ambacho wengi hufanya: nilianza kununua. Kompyuta ya injini ilikuwa imehifadhi kodi mbili, P0302 na P0304, yaani silinda ya 2 na ya 4 zinamisi. Nikatoa plagi zote nne, nikazitupa bila kuzitazama, nikafunga mpya. Huo ndio upuuzi ninaoujutia kuliko mwingine wote katika habari hii, kwa sababu plagi iliyotumika ni shahidi aliyekaa ndani ya chumba cha mlipuko tangu mwanzo hadi mwisho, nami nilimfukuza kabla hajafungua mdomo. Nilipozikumbuka baadaye na kuzichakura kwenye boksi la takataka, niliona kwamba mbili zilikuwa zimefunikwa masizi makavu meusi na mbili zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu. Zipi zilitoka silinda ipi, sikuwa na njia ya kujua.

Plagi mpya hazikusaidia. Nikageukia koili, zile zinazozipa plagi umeme wa cheche, na hapa angalau nilitumia akili kidogo: nilihamisha koili ya silinda ya 2 kwenda silinda ya 1, na ya 1 kwenda ya 2, nikaendesha tena. Kama koili ingekuwa mbovu, kodi ingeifuata na kuwa P0301. Kodi ilibaki palepale, P0302. Koili zikaachiliwa huru bila gharama yoyote, na jaribio lote lilichukua muda mfupi kuliko kuchemka kwa maji ya birika.

Kisha nikanunua pampu ya mafuta, na kosa hili linastahili kuelezwa kwa urefu kwa sababu lilitokana na kipimo halisi nilichokisoma vibaya. Kwenye ekzosi nimefunga sensa ya oksijeni yenye upeo mpana, inayoonyesha uwiano wa hewa na mafuta kwenye saa ndogo pembeni ya usukani. Petroli huungua yote, bila hewa wala mafuta kubaki, pale ambapo gramu 14.7 za hewa zinakutana na gramu moja ya mafuta. Injini ya turbo ikiwa kwenye busti huhitaji mchanganyiko mzito kuliko huo, kwa kawaida kati ya 11 na 12 kwa moja, kwa kuwa mafuta ya ziada hupoza chumba cha mlipuko. Nilipokuwa nikiendesha, niliona saa ikiruka ghafla hadi 15 na zaidi kila gari liliposita. Nikajiambia: mafuta hayafiki, pampu imechoka.

Sensa ya oksijeni haioni mafuta hata kidogo. Inaona oksijeni. Silinda inapomisi, hewa yake haikuungua, na oksijeni yote hiyo hutoka ilivyoingia na kupita mbele ya sensa; sensa, kwa uaminifu wake wote, inaripoti kwamba hewa imezidi. Kwa hiyo injini inayomisi kwa kulemewa na mafuta inaweza kuonyesha, kwa kitambo hicho cha kumisi, kwamba ina njaa ya mafuta. Nilichopaswa kutazama ni namba ya kabla ya kumisi. Nilipokuja kurekodi safari kwenye kompyuta na kuisoma polepole nikiwa nimekaa, niliona 10.2, 10.2, 10.1, kisha mruko. Injini haikuwa na njaa. Ilikuwa inazama.

Pampu mpya ilikuwa imekwisha kufungwa kufikia hapo. Nilithibitisha kutohitajika kwake kwa kipimo cha presha nilichokifunga kwenye reli ya mafuta, bomba linalozilisha injekta, kipimo ambacho ningeweza kukifunga kwanza. Kirekebisha presha ya mafuta katika injini ya namna hii hufuata presha ya manifoldi, yaani bomba linaloigawia kila silinda hewa: kikiwa kimewekwa bar 3 mpira wake wa ombwe ukiwa umechomolewa, basi kwenye busti ya bar 1.2 reli inapaswa kusoma bar 4.2, ili tofauti ya presha kati ya pande mbili za injekta ibaki bar 3 ileile. Kama namba inapanda pamoja na busti kisha inakwama njiani, pampu au kichujio kimeshindwa. Yangu ilipanda bila kukwama. Injekta nazo hazikuwa zimefika mwisho wa uwezo: kwenye mizunguko 6,000 mzunguko mzima wa mipigo minne huchukua milisekunde 20, na injekta zangu zilikuwa wazi kwa milisekunde 15, yaani asilimia 75, chini ya ile 80 hadi 85 ambayo juu yake injekta huanza kukosa utulivu.

Wakati huohuo fundi mmoja aliyeuona moshi alinishauri kwa uhakika mkubwa nibadilishe turbo. Nilimheshimu kwa umri wake na kwa miaka aliyokaa chini ya magari, lakini moshi mweusi ni mafuta ya petroli yasiyoungua yote, wala si mafuta ya kulainishia. Turbo inayovujisha hutoa moshi wa bluu, na mara nyingi hata huo si kosa la turbo, bali ni la bomba la kurudishia oili lililobanwa au presha iliyozidi kwenye tumbo la injini, ambayo huizuia oili kushuka. Nilifungua bomba la kuingizia hewa, nikaishika ekseli ya turbo kwa vidole viwili. Kuchezacheza kidogo upande kwa upande ni kawaida, kwa kuwa ekseli huelea juu ya utando wa oili. Kinachotisha ni kusogea mbele na nyuma, au visu vya gurudumu kuonyesha alama za kukwaruza ukuta. Havikuwa na alama, na ekseli haikusogea. Nikaifunga.

Kabla ya kwenda mbali zaidi nilitaka kujua kama injini yenyewe ilikuwa nzima, kwa sababu hofu iliyokaa kifuani ilikuwa hiyo, na mtu mwenye hofu hasomi vipimo vizuri. Katika lugha ya gereji, injini ikisemwa “imenoki” maana yake imekwisha kufa, na kilichobaki ni kuifungua au kuitafutia nyingine. Wahandisi wakisema injini inanoki wanazungumzia jambo linalotangulia kifo hicho: mchanganyiko unalipuka wenyewe, mahali pasipostahili na kabla moto wa plagi haujaufikia, na wimbi lake la presha linaigonga pistoni kama nyundo. Neno moja limebeba ugonjwa na mazishi. Katika injini ya turbo, hatari hiyo huongezeka kwa sababu hewa inayobanwa hupata moto: hewa ya nyuzi 25 za Selsiasi ikibanwa hadi mara mbili ya presha yake na kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70, hutoka ikiwa na nyuzi karibu 118, na ndiyo kazi ya intakula kuishusha. Tatizo hili lina umri wa magari ya turbo yenyewe. Oldsmobile Jetfire, mojawapo ya magari mawili ya kwanza ya turbo kuuzwa kwa umma, mwaka 1962, lilibeba tangi dogo la maji na methanoli lililonyunyizwa kwenye hewa ili kuzuia kunoki, na wenye magari waliposahau kulijaza, gari lilijipunguzia busti lenyewe.

Nikapima mgandamizo. Plagi zote nje, injekta zimezimwa, betri imejaa, na throto, mlango wa kuingizia hewa kwenye manifoldi, wazi kabisa, kwa kuwa throto iliyofungwa huinyima silinda hewa na kutoa namba ndogo za uongo. Nilipata bar 10.1, 9.9, 10.0 na 9.7. Namba moja moja haina maana kubwa kama tofauti kati yake. Zote zikiwa ndani ya asilimia 10 hakuna sababu ya kuogopa. Hata hivyo nilifanya pia kipimo cha kuvuja, ambacho huingiza hewa kwenye silinda moja ikiwa pistoni yake iko juu na valvu zimefungwa, na kuonyesha asilimia inayopotea. Uzuri wa kipimo hiki ni masikio: hewa ikisikika kwenye bomba la ekzosi, valvu ya kutolea haifungi; ikisikika kwenye njia ya kuingizia, ni valvu ya kuingizia; ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi za pistoni; na mapovu yakionekana kwenye rejeta, gasketi ya silindahedi imekwenda. Nilisikia mnong’ono mdogo upande wa oili kwenye silinda zote, asilimia 6 hadi 9, ambao ni wa kawaida. Usiku huo nililala.

Sasa nafika kwenye kipimo ambacho kama ningekisoma siku ya kwanza, makala hii ingekuwa ya aya tatu. Kompyuta ya injini, gari likiwa linatembea taratibu, husikiliza sensa ya oksijeni na kusahihisha mafuta kidogo kidogo, ikiongeza au ikipunguza, na masahihisho hayo huyahifadhi kama asilimia. Ni kama daftari la mwenye duka anayejua kwamba mizani yake inadanganya, naye huandika kila siku imedanganya kiasi gani. Langu lilisema: injini inapotulia bila kukanyagwa, ongeza asilimia 14. Yaani bila nyongeza hiyo, mchanganyiko ungekuwa mwepesi mno. Lakini kwenye busti, ambako kompyuta haisahihishi bali hufuata ramani, saa yangu ilionyesha 10.2, mchanganyiko mzito mno. Injini ileile, siku ileile, ilikuwa na upungufu wa mafuta chini na mafuriko ya mafuta juu.

Nilikaa na namba hizo mbili kwa muda mrefu nikizidhania kuwa hitilafu mbili. Zilikuwa moja. Kipima hewa kiko mwanzoni kabisa mwa njia ya hewa, kabla ya turbo, na kompyuta hutoa mafuta kulingana na hewa iliyopita hapo, ikiamini kwamba yote iliyopimwa itafika kwenye silinda na kwamba hakuna itakayoingia kwa mlango mwingine. Tundu likiwa baada ya throto, injini inapotulia kuna ombwe ndani ya manifoldi, hivyo hewa ya nje hufyonzwa kupitia tundu bila kupimwa, na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Dereva anapokanyaga na busti ikaja, presha ya ndani inazidi ya nje, na kupitia tundu lilelile hewa iliyokwisha kupimwa, ambayo mafuta yake yamekwisha kutolewa, hutoroka. Mafuta hubaki bila hewa yake, na mchanganyiko unakuwa mzito. Tundu ni moja. Upepo ndio unaogeuka.

Mantiki hiyo inaonyesha hata mahali pa kutafuta. Tundu lingekuwa kati ya kipima hewa na turbo, sehemu hiyo hufyonzwa wakati wote, hivyo mchanganyiko ungekuwa mwepesi chini na juu. Lingekuwa kati ya turbo na throto, injini inapotulia presha ya hapo inakaribia kuwa sawa na ya nje na dalili chini zingekuwa ndogo sana, ila kwenye busti mchanganyiko ungekuwa mzito. Dalili za kugeuka, nyepesi chini na nzito juu, zinaelekeza baada ya throto. (Haya ni kwa magari yenye kipima hewa. Yale yanayokadiria hewa kwa sensa ya presha ya manifoldi hufanya vingine: tundu baada ya throto hupandisha presha, kompyuta huiona na kuongeza mafuta yake, na mtu huona mizunguko ya kutulia iliyopanda bila mchanganyiko kuharibika sana.)

Mtu atauliza, kama hewa ilikuwa inatoroka, mbona kipimo cha busti kilionyesha bar 1.2 kama kawaida? Nami nilijiuliza hivyo, na kwa wiki nzima swali hilo lilinizuia kuamini kwamba kuna tundu. Jibu ni kwamba kompyuta inaifukuzia namba. Ikiona busti iko chini kidogo ya lengo, huifunga westigeti, mlango unaopitisha gesi za ekzosi kando ya turbo, zaidi ili gesi nyingi za ekzosi zipite kwenye turbo, turbo inazunguka kwa kasi zaidi, na namba inafikiwa. Pipa linalovuja linaweza kubaki limejaa ukifungulia bomba zaidi. Kilichobadilika si busti bali jitihada ya kuifikia: rekodi zilionyesha amri ya kufunga westigeti ikiwa kubwa kuliko katika faili moja la zamani nililobahatika kulikuta, na hewa ikiingia kwenye manifoldi ikiwa ya moto zaidi.

Kulitafuta tundu lenyewe ilibidi nikufanye mara mbili, kwa uzembe wangu. Nilifunga mdomo wa kuingizia hewa wa turbo kwa kifuniko chenye valvu, nikaingiza hewa ya kompresa taratibu hadi bar 1, nikapitisha maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Mpira mmoja wa intakula ulitoa mapovu chini ya klipu yake. Nilikaza, mapovu yakaisha, nikashangilia, nikaendesha, na gari likamisi palepale kwenye 4,500. Tundu lile lilikuwa la kweli lakini halikuwa lenye kesi. Nilichosahau ni kwamba throto ilikuwa imefungwa wakati wa jaribio, hivyo hewa yangu yote ilikuwa imeishia mlangoni, na sehemu niliyoishuku zaidi haikupimwa hata kidogo.

Mara ya pili niliikaba throto iwe wazi. Hewa ikaingia kwenye manifoldi, na mara moja nikasikia sauti mbili. Moja ilikuwa ya kawaida: silinda ambazo valvu zake ziko wazi hupitisha hewa hadi kwenye ekzosi na nyingine hupenya ringi hadi kwenye tumbo la injini, na asiyejua hilo anaweza kuifungua injini nzima bure. Sauti ya pili ilikuwa kali na nyembamba, chini ya manifoldi upande wa kushoto, mahali ambapo mkono hauingii na jicho halifiki. Nilimwaga maji ya sabuni kwa bomba la sindano refu na kutazama kwa kioo kidogo cha kushika mkononi. Povu kubwa jeupe lilitoka kwenye gasketi inayokaa kati ya manifoldi na silindahedi. Upande wa kushoto wa injini hii ndio wenye silinda ya 2 na ya 4. Kodi zilikuwa zimesema hivyo tangu mwanzo, na pengine zile plagi mbili nyeusi pia.

Nilipoinua manifoldi niliikuta gasketi imekatika karibu na boliti moja, na ukingo wa mkato ulikuwa na rangi mbili: sehemu moja nyeusi iliyozoea uchafu, na sehemu nyingine safi, iliyopasuka karibuni. Sikuelewa maana ya rangi hizo wakati ule. Niliweka gasketi mpya, nikakaza boliti kwa spana ya kipimo, nikarudia jaribio la hewa, kimya. Masahihisho ya kompyuta yalishuka kutoka asilimia 14 hadi 2. Mizunguko ya kutulia ikasimama imara.

Hapa ndipo watu wengi wangeandika kwamba gari limepona. Nilitoka nalo, nikakanyaga kwa uangalifu kwenye gia ya tatu, na halikumisi. Lilivuta kuliko nilivyowahi kulisikia likivuta, na nilitabasamu kwa muda wa sekunde mbili hivi, hadi jicho liliposhuka kwenye saa ya mchanganyiko. Ilisoma 12.6. Niliachia pedali papo hapo. Rekodi ilionyesha kwamba kompyuta, kwa kuisikiliza sensa ya kunoki, ilikuwa imeanza kuamuru moto wa plagi ucheleweshwe.

Injini yangu nzima, isiyovuja, ilikuwa katika hatari kubwa zaidi kuliko ile iliyovuja. Ilinichukua jioni moja na karatasi moja kulielewa hilo. Ile sehemu nyeusi ya mkato ilikuwa ya zamani; gasketi ilikuwa imeshaanza kuvuja, kidogo, siku gari lilipowekwa kwenye mashine ya kupimia nguvu. Tuseme kati ya sehemu 110 za hewa zilizopimwa, 100 zilifika kwenye silinda. Fundi wa programu aliona mchanganyiko mzito, akafanya kile ambacho kazi yake inamtaka, akapunguza mafuta kwenye ramani hadi saa ikasoma 11.5. Miezi minane baadaye gasketi ikapasuka zaidi, sasa zinahitajika sehemu 125 kupimwa ili 100 zifike, na 11.5 mara 110 gawanya kwa 125 ni 10.1, karibu kabisa na ile 10.2 niliyokuwa nikiiona. Nami nilipoziba tundu, sehemu 100 zilipimwa na 100 zikafika, lakini ramani ilikuwa bado inapunguza mafuta ya sehemu kumi ambazo hazikuwepo tena: 11.5 mara 110 gawanya kwa 100 ni 12.65. Na si mafuta tu. Kompyuta huchagua wakati wa moto kwa kutazama kiasi cha hewa iliyopimwa; ikipima hewa pungufu hudhani mzigo ni mwepesi na huuwahisha moto zaidi. Mafuta yamepungua na moto umewahi, vyote viwili kwa pamoja, kwenye bar 1.2.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Ramani ilikuwa imeyaficha maradhi, na kwa kuwa iliyaficha kwa ustadi, kuyaponya kulikuwa karibu kuniletea kilio.

Nilimpigia fundi wa programu simu, nikamweleza kwa adabu, kwa sababu sikuwa na nia ya kumlaumu: yeye huletewa gari na kuambiwa liko sawa. “Ndugu yangu,” aliniambia baada ya kunyamaza kidogo, “ulipolileta ulipima kama linavuja?” Nilimjibu ukweli kwamba sikupima. “Nami sikupima,” akasema. Tukakubaliana kwamba nilirudishe, na kwamba safari hii halitapandishwa kwenye mashine kabla ya kuvimbishwa hewa mbele ya macho yetu wote wawili. Hadi siku hiyo niliichomoa valvu inayodhibiti westigeti ili busti ibaki kwenye nguvu ya springi peke yake, takriban bar 0.6, nikaliendesha kama gari la mzee.

Kwenye mashine ramani ya zamani ilifutwa, na kazi ikaanza na busti ndogo, ikapandishwa hatua kwa hatua. Kwenye bar 1.1, mizunguko 5,500, gari likamisi. Nilihisi tumbo likishuka. Lakini safari hii mchanganyiko ulikuwa 11.6, presha ya mafuta ilikuwa sahihi, hakuna kilichovuja, na kodi hazikutaja silinda mbili tu bali zilitangatanga kwenye zote nne. Fundi alitoa plagi moja, akaingiza kipimo kwenye mwanya wake, akanionyesha: milimita 1.1, kama ilivyotoka kwenye pakiti. Kadiri hewa inavyobanwa zaidi ndani ya silinda, ndivyo cheche inavyohitaji volti nyingi kuruka, na kwenye busti kubwa cheche huzimwa kabla ya kuruka. Plagi nilizozitupa zilikuwa zimepunguzwa hadi 0.7. Zile nilizozifunga kwa pupa siku ya kwanza, nikidhani natibu, zilikuwa ndizo ugonjwa wa pili, na huenda siku zote zile zilikuwa zikichangia kumisi kule nilikokuwa nikikuhesabu kuwa ni kwa kitu kimoja. Tulibana mianya yote minne hadi milimita 0.7, na injini ikapanda hadi 6,800 bila kusita.

Nilitoka pale na daftari. Nimeandika masahihisho ya mafuta injini ikitulia na ikiwa kwenye mwendo wa taratibu, ombwe la manifoldi, presha ya reli kwenye kila hatua ya busti, asilimia ya injekta, amri ya westigeti, joto la hewa baada ya intakula, mgandamizo wa kila silinda na tarehe. Baada ya kilomita 500 nilitoa plagi zote nne, safari hii nikizipanga juu ya kitambaa kwa mfuatano wa silinda zake, nikaziandika namba kwa kalamu nyeupe. Ya 1, ya 3 na ya 4 zina rangi moja ya kahawia. Ya 2 imekolea kidogo, kwa kiasi ambacho labda ni mwanga wa taa tu. Nimeiandika, na nitaitazama tena baada ya kilomita 500 nyingine.